Mwongozo wa Kumrudisha Mgonjwa Nyumbani Akiwa Hajaelewa Kitu

Kuna mwongozo ambao hakuna chuo cha udaktari kinachoufundisha darasani. Haumo kwenye mtaala, haujachapishwa popote, na bado unafuatwa kila asubuhi kuanzia zahanati ya kijijini hadi hospitali ya rufaa. Wanafunzi wanauokota wodini, wakati wa raundi, kwa kuwatazama wakubwa wao. Nimeuandika hapa kanuni kwa kanuni, jinsi unavyofuatwa, na kila kanuni nimeiwekea jibu lake. Naomba usomwe kwa sauti kwenye vyumba vya madaktari. Atakayecheka na acheke, ila akimaliza ahesabu ni kanuni ngapi amezitumia leo kabla ya chai ya saa nne.

Nikisema daktari, namaanisha kila anayeitwa hivyo na mgonjwa: tabibu wa zahanati, muuguzi wa kliniki, mfamasia wa dirishani. Mgonjwa hatofautishi vyeo vyenu. Anachojua ni kwamba ameacha shamba au biashara yake, amepanda bodaboda, amekaa kwenye benchi tangu alfajiri, na sasa mtu mwenye koti jeupe atamwambia la kufanya.

Kanuni ya 1: Usipoteze muda kwa salamu

Mgonjwa anaingia, wewe unaandika. Usiinue macho. Mwonyeshe kiti kwa ncha ya kalamu, kisha uliza: “Enhe, unaumwa nini?” Hata kama ana umri wa kumzaa mama yako, mwite “wewe”.

Madhara ya kanuni hii huanza papo hapo. Mtu mzima asiyesalimiwa anaelewa kwamba chumba hiki si cha mazungumzo. Ataambiwa, naye ataitikia. Daktari wa miaka 27 anayesema “Shikamoo, mama” na kungoja “Marahaba, mwanangu” ametumia sekunde tatu, na katika sekunde hizo amempa yule mama ruhusa ya kusema baadaye: “Hapo mwanangu sijakuelewa.” Ruhusa hiyo haipatikani kwa njia nyingine. Koti jeupe linatisha, na mwenye kulivaa ndiye mwenye wajibu wa kuondoa hofu hiyo.

Kanuni ya 2: Mkatize mapema

Akianza kusimulia kwamba ilianza kama utani juzi alipotoka msibani, mkatize. “Homa ipo? Unaharisha? Unakohoa? Haya, nenda maabara.”

Kanuni hii imepimwa kwa saa. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel wa Marekani walichapisha walichosikia kwenye kanda za mazungumzo ya kliniki: kwa wastani madaktari waliwakatiza wagonjwa baada ya sekunde 18. Mwaka 2002 Wolf Langewitz na wenzake wa Basel, Uswisi, walijaribu kinyume chake. Madaktari waliambiwa wamwache mgonjwa aongee hadi amalize mwenyewe. Wastani ulikuwa sekunde 92, na karibu wagonjwa wanane katika kila kumi walimaliza ndani ya dakika mbili. Hofu kwamba ukimwachia mgonjwa ataongea mpaka adhuhuri haina msingi.

Kwa watu wetu dakika hizo mbili zina thamani zaidi, kwa sababu jambo zito hutajwa mwisho. Mama ataanza na kichwa, atapita kwenye mgongo, na akiona unamsikiliza ndipo atataja uchafu unaomtoka ukeni au kipigo cha jana usiku. Ukimkatiza kwenye kichwa, ataondoka na panado na siri yake.

Kanuni ya 3: Eleza kwa lugha uliyofanyia mtihani

Sema hivi: “Mama, una haipatensheni, steji ya pili. Nakuanzishia amlodipini, uje riviu baada ya wiki nne.” Kisha ushangae kwa nini anakutazama.

Shahada ya udaktari Tanzania ni miaka mitano, na yote inasomwa kwa Kiingereza, halafu unafuata mwaka wa mafunzo kazini. Daktari kijana ameujua kila ugonjwa kwa Kiingereza, amejibu mitihani kwa Kiingereza, na siku ya kwanza kliniki anakutana na binadamu anayesema “nina kichomi”, “mwili unawaka moto”, “chango linanisumbua”. Hakufundishwa kwenda wala kurudi kati ya lugha hizi mbili. Ameachwa avuke mwenyewe, na mara nyingi anayevukishwa kwa lazima ni mgonjwa.

Kutumia Kiswahili cha kamusi pekee hakutoshi. Mtu anayesikia redioni kila siku habari za “mtazamo chanya” na “maendeleo chanya”, ukimwambia majibu yake ya makohozi ni chanya, anaweza kumshukuru Mungu na kwenda zake. Sema kilichoonekana: “Kwenye makohozi yako tumekuta vijidudu vya kifua kikuu. Ugonjwa huu unatibika, na dawa zake ni za bure.” Vivyo hivyo kwa chakula. “Punguza wanga” ni maneno ya kitabu. Mwambie ugali, wali, ndizi, viazi na mihogo, kisha mwonyeshe kwa mikono sahani ilivyo: nusu mboga za majani, robo ugali, robo maharage au dagaa au samaki. Wengi wenye kisukari wameacha sukari kwenye chai kwa uaminifu mkubwa, na jioni wanakula kilima cha ugali kwa dhamiri safi, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba ugali nao unapandisha sukari mwilini.

Na pale ambapo mgonjwa anaongea Kisukuma, Kimasai au Kidholuo, usimgeuze mwanawe wa miaka kumi kuwa mkalimani wa habari za kizazi cha mama yake. Tafuta muuguzi anayejua lugha hiyo, na umtazame mgonjwa, usimtazame mkalimani.

Kanuni ya 4: Iache dawa ijieleze yenyewe

Simama pembeni ya dirisha la dawa la hospitali ya wilaya mnamo saa tano asubuhi. Bibi amefika zamu yake. Mkono unatoka dirishani na bahasha tatu ndogo. Juu ya moja pameandikwa kwa kalamu 1x3, ya pili 2x2, ya tatu 1x1 usiku. Sauti inasema maneno mawili matatu ambayo kioo kinameza nusu yake, na nyuma ya bibi foleni inasukuma. Anazifunga zote kwenye pindo la kanga. Akifika nyumbani atakuwa na vidonge vya aina tatu, vyote vyeupe, na mjukuu wa darasa la nne ambaye juzi amefundishwa kuzidisha. Mjukuu atasema: moja mara tatu ni tatu. Bibi atameza vitatu kwa mpigo.

Cheti alichoandika daktari ni kigumu zaidi. Kuna TDS (mara tatu kwa siku) na BD (mara mbili kwa siku), ambavyo ni vifupisho vya Kilatini, lugha ambayo hakuna mtu kwenye foleni ile anayeiongea. Kuna 5/7, maana yake siku tano, na 2/52, maana yake wiki mbili. Mgonjwa aliyesoma hadi kidato cha nne ataitazama 5/7 na kuona sehemu: tano ya saba. Amesoma sawasawa. Aliyeandika ndiye aliyeficha.

Msidhani shida hii ni ya kwetu tu. Mwaka 2006 Terry Davis na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 395 katika miji mitatu ya Marekani. Kati ya wale wenye uwezo mdogo wa kusoma, asilimia 71 waliweza kuyasoma sawasawa maagizo ya kumeza vidonge viwili mara mbili kwa siku. Walipoombwa waonyeshe kwa vidonge idadi ya siku moja, ni asilimia 35 tu waliotoa vinne. Kusoma maneno na kujua la kufanya ni mambo mawili.

Kwa hiyo mwaga vidonge mezani, vihesabuni pamoja. “Hiki kimoja ukiamka, kimoja mchana, kimoja ukienda kulala.” Chora jua na mwezi kwenye bahasha. Kwa dawa ya mseto ya malaria, mtu mzima ana vidonge 24, vinne kila mara, na dozi ya pili ni baada ya muda wa saa nane tangu ya kwanza. Ukisema “baada ya saa nane”, mwenye kusikia atafikiria saa nane mchana, na kama amemeza dozi ya kwanza saa sita, ataongeza nyingine baada ya saa mbili tu. Mpe saa yenyewe: “Umemeza sasa, saa nne asubuhi. Vinne vingine umeze leo saa kumi na mbili jioni. Kesho na keshokutwa, vinne asubuhi, vinne jioni. Kula kwanza, na kikipatikana chenye mafuta kidogo au maziwa, ni bora zaidi.”

Kuna mengine ya kusema hapo dirishani ambayo yasiposemwa yanaharibu tiba nzima. Dawa ya unga ya mtoto inatiwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mara moja tu, hadi kwenye alama, na chupa inatikiswa kila unapompa. Kidonge cha kuweka ukeni hakimezwi, na aibu ya kulitamka hilo ni ya mhudumu, asiihamishie kwa mgonjwa. Dawa za kifua kikuu zitageuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Asiyeambiwa ataona mkojo ule asubuhi ya pili, ataamini anatokwa damu, na ataziacha dawa ambazo zingemponya.

Kanuni ya 5: Mwache amalize dozi ya presha

Mpe vidonge 30 vya presha, mwambie “utumie vizuri dawa”, na umruhusu aende.

Kwa miaka mingi redio, mabango na wauguzi wamewaambia watu wetu wamalize dozi ya malaria. Somo hilo limeingia. Mtu anajua kwamba dawa ina mwanzo na mwisho, na kwamba ukiimaliza umepona. Mtu huyo huyo akipewa vidonge vya presha anafanya alivyofundishwa: anameza, vinakwisha, anajisikia vizuri, anasema “nimemaliza dozi”. Baada ya miezi kadhaa analetwa kwa gari, upande mmoja wa mwili umelegea, na kwenye faili tunaandika kwamba mgonjwa hakuzingatia matibabu. Alizingatia kila neno tuliloliweka kichwani mwake. Tulichoacha ni kumwambia kwamba ugonjwa huu ni wa namna nyingine.

Maneno yenyewe si mengi: “Mama, presha si kama malaria. Malaria ina dozi inayokwisha. Dawa ya presha utameza kila siku, miaka yote. Ukijisikia mzima, ujue ni dawa inafanya kazi, usiiache. Vikibaki vidonge vitano, njoo uchukue vingine kabla havijakwisha.”

Wapo watakaosema watu wetu hawawezi kuelewa ugonjwa wa kudumu. Waende kliniki ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Watamkuta mwanamke asiyemaliza shule ya msingi akiwaeleza wenzake wingi wa virusi ni nini, kwa nini kidonge kinamezwa saa ileile kila siku, na kwa nini kutoonekana kwa virusi kwenye kipimo hakumaanishi vimekwisha mwilini. Tanzania inawaita WAVIU washauri: watu wanaoishi na virusi, wanaowasaidia wenzao kuanza na kuendelea na dawa. Elimu ile haikushuka kutoka mbinguni. Mfumo wa afya uliamua kukaa na watu, kurudia, kuuliza, na kumtumia mgonjwa kumfundisha mgonjwa. Mwenye presha na mwenye kisukari ni binadamu walewale, wana akili zilezile. Nao tukae nao hivyohivyo.

Kanuni ya 6: Icheke imani yake

Mama akisema mtoto amepatwa na degedege, mkemee mbele ya watu: “Ninyi ndio mnaoua watoto kwa ushirikina!”

Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 waliandika kwa kina jinsi watu walivyotenganisha homa ya kawaida ya malaria, inayopelekwa zahanati, na degedege, iliyoonekana kuwa ugonjwa wa mganga wa kienyeji. Wapo walioamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Sasa mfikirie mama aliyebeba mtoto huyo hadi kwako. Ameshinda ushauri wa mama mkwe, wa jirani, na hofu yake mwenyewe ya sindano, na amekuja. Neno la kwanza analokutana nalo ni kejeli. Mtoto mwingine wa nyumba ile akishikwa, hamtamwona kabisa.

Swali ndilo linalofungua. “Mama, wewe unadhani mtoto amepatwa na nini? Nyumbani wanasemaje? Mmeshampa nini?” Akishasema, huna haja ya kumshinda kwa hoja. Mwambie: “Hiyo mnayoita degedege, sisi tumeiona kwa watoto wengi. Mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani. Dawa tunayompa inaua vijidudu vya malaria. Nitakaa hapa wakati anachomwa.” Mtu aliyesikilizwa husikiliza.

Kanuni ya 7: Mpime kwa viatu

Mwenye viatu vya ngozi na miwani, mweleze vizuri. Mwenye kandambili, mwambie “fuata maelekezo”.

Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti mwaka 2004 ikikadiria kwamba watu wazima milioni 90 wa nchi ile, karibu nusu ya wote, wanapata shida kuelewa na kutumia taarifa za afya. Hiyo ni nchi yenye shule kila mtaa. Mhasibu mwenye shahada mbili, akiambiwa figo zake zimechoka, hasikii sentensi inayofuata. Hofu inamfanya kila mtu awe mgeni wa jambo.

Na asiyejua kusoma hatakwambia. Atasema amesahau miwani nyumbani. Atasema karatasi atampa mwanawe aipitie. Atatikisa kichwa mahali panapofaa kutikisa. Kumuuliza mbele ya foleni “unajua kusoma?” ni kumvua nguo. Njia ya heshima ni kumweleza kila mtu kana kwamba huenda hakuelewa, awe jaji au mchuuzi wa mchicha. Hakuna jaji aliyewahi kushtaki kwa kuelezwa vizuri mno.

Kanuni ya 8: Uliza “Umeelewa?” kisha mwite anayefuata

Hii ndiyo kanuni mama, na ndiyo inayofuatwa na madaktari wema kuliko wote. Ameeleza kwa upole, amechora, kisha anauliza: “Umeelewa, mama?” Mama anajibu: “Ndiyo, daktari.” Faili linafungwa.

Kwetu kusema “sijaelewa” mbele ya mtu unayemheshimu ni kama kumwambia hajui kazi yake, au kujitangaza wewe ni mjinga. Kwa hiyo jibu la swali lile ni “ndiyo” kabla halijaulizwa. Ni jibu la adabu, halina habari yoyote ndani yake kuhusu dawa.

Tiba yake inajulikana, na ni kumwomba mgonjwa arudishe alichosikia. Mwaka 2003 Dean Schillinger na wenzake walichapisha utafiti wa mazungumzo yaliyorekodiwa kati ya madaktari na wagonjwa wa kisukari katika hospitali ya umma ya San Francisco. Kati ya mambo mapya 124 ambayo madaktari waliwaeleza wagonjwa, walihakikisha kama yameeleweka katika mambo 15 tu. Wagonjwa ambao madaktari wao walihakikisha ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na sukari iliyodhibitiwa vizuri.

Kurudisha huku kuna ufundi wake. Ukisema “haya rudia nilichosema”, umegeuka mwalimu wa darasa la pili na mgonjwa anaona fimbo. Mzigo uchukue wewe:

“Mama, leo nimeongea mengi, na sina hakika kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani baba akikuuliza hizi dawa zinamezwaje, utamwambiaje?”

“Nitamwambia hii nyeupe ni asubuhi na jioni.”

“Vizuri. Na hii ndogo?”

“Hiyo… si uliniambia kichwa kikiuma?”

“Hapo nilieleza haraka, mama. Hii ndogo ni ya presha. Unaimeza kila asubuhi, kichwa kiume kisiume. Hebu niambie tena hiyo ndogo.”

“Kila asubuhi. Hata kama siumwi.”

“Umeipata sawasawa.”

Mazungumzo hayo hayafiki dakika moja. Ndani yake limepatikana kosa ambalo hakuna kipimo cha maabara kingeliona, na limesahihishwa bila mtu kuaibishwa. Kuuliza hivi ni kipimo kama kupima presha. Daktari anayemwandikia mgonjwa dawa ya presha bila kumpima tunamwita mzembe. Anayemruhusu mgonjwa kuondoka bila kujua amebeba nini kichwani, naye tumwite hivyohivyo.

Kanuni ya 9: Ukibanwa, taja foleni

“Haya yote mazuri, lakini nina watu sitini nje.” Kwa sentensi hii kanuni nane zilizopita zinasamehewa.

Foleni ni ya kweli, na siwezi kumdharau tabibu anayehudumia kata nzima peke yake. Ila tuitazame foleni yenyewe. Humo yumo aliyerudi kwa sababu alimeza dawa za siku tano kwa siku mbili. Yumo aliyeacha dawa za kifua kikuu kwa rangi ya mkojo. Yumo mama wa chupa ya unga aliyeongeza maji kila asubuhi. Sehemu ya foleni ya leo ni watu ambao jana waliambiwa “ndiyo, nenda”. Dakika unayoibana leo utadaiwa na mtu huyohuyo wiki ijayo, akiwa mgonjwa zaidi.

Tena si lazima kila neno lisemwe chumbani kwa daktari. Kwenye kliniki nyingi muuguzi hutoa somo la afya asubuhi, watu wakiwa kwenye mabenchi. Somo hilo likiwa hotuba, linapita juu ya vichwa. Likiwa la vitendo, linafanya kazi. Ita mama mmoja aje mbele achanganye ORS: pakiti moja, maji safi lita moja, yaani chupa mbili za nusu lita. Ikipita siku moja na usiku wake, imwagwe itengenezwe nyingine. Wenzake watamsahihisha wenyewe. Nchi hii inajua kufundisha hivyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili Tanzania katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi, wakasoma kitini kwa pamoja, wakajadili, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Wengi wao walikuwa na elimu ndogo ya shule. Walielewa kwa sababu waliongea na wakatenda.

Jinsi ya kuufuta mwongozo huu

Upole wa moyo hautoshi, na mihadhara ya “mawasiliano bora” inayotolewa mara moja mwaka wa kwanza imekuwa ikisahauliwa kabla ya mwaka wa pili. Kuongea na mgonjwa ni ufundi wa mikono kama kushona kidonda. Unafundishwa kwa kufanya, kutazamwa na kusahihishwa.

Vifaa vya kufundishia vipo. Mwaka 1963 Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu huko Los Angeles, alianza kumtumia mtu mzima wa afya aliyefundishwa kuigiza mgonjwa ili wanafunzi wajifunzie kwake. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walieleza mtihani wa vituo, ambamo mtahiniwa anapita kituo hadi kituo akifanya kazi halisi mbele ya msahihishaji. Vyuo vyetu vinautumia mtihani huo. Kinachokosekana ni kuwaweka ndani yake watu wetu hasa.

Ninapendekeza hivi. Vyuo viwaajiri wazee wa mtaani, wauza samaki, mama lishe, madereva wa bodaboda, wawe wagonjwa wa kuigiza na walipwe. Kila mtahiniwa apewe kituo kimoja chenye bibi na bahasha tatu za dawa. Mtahiniwa akimaliza kueleza, atoke nje, na msahihishaji amwombe bibi atenge vidonge vya siku moja mezani. Alama zitolewe kwa vidonge vilivyoko mezani, si kwa ufasaha wa mtahiniwa. Kwa kila mkoa iandaliwe orodha ya majina ambayo watu wanayaita magonjwa, na mwanafunzi aijue kama anavyojua majina ya mifupa. TDS na 5/7 zipigwe marufuku kwenye karatasi yoyote inayofika mkononi mwa mgonjwa. Na madaktari bingwa waanze wao, kwa sababu mwanafunzi hufanya anachokiona kwenye raundi, na bingwa anayepita kitandani bila kumsalimia mgonjwa amefuta mihula miwili ya mafundisho kwa asubuhi moja.

Wewe msomaji ambaye hukuvaa koti jeupe, usisubiri mitaala ibadilike. Ukiingia kwa daktari nenda na maswali matatu: Naumwa nini? Nifanye nini? Nisipofanya itakuwaje? Mpeleke mzazi wako na mtu wa kumsikilizia. Na kabla hujasimama kwenye kiti, sema: “Daktari, ngoja nikwambie nilivyoelewa, unisahihishe.” Kisha mhesabie vidonge, asubuhi, mchana, jioni. Daktari mwema atakushukuru, maana umemfanyia kipimo alichokisahau. Akikunja uso, endelea kuhesabu. Dawa ni zako, mwili ni wako, na usiku zikikuzidi yeye hatakuwepo.